Kabati la Posho la Bi Mwanatumu

Mimi Sudi sijawahi kushinda ubishi kwa hila. Nashinda kwa hoja, na mtaa mzima hapa Pangani unajua.

Siku hizi kila anayekula posho ya serikali hulamba kijiti cha kupimia pombe asubuhi. Kikiwa kijani, kabati la chakula linafunguka. Kikiwa chekundu, wewe mlevi, shinda na njaa. Cha bibi yangu, Bi Mwanatumu, miaka sabini na sita na swala tano, kikawa chekundu siku tatu mfululizo.

"Ni mkate wa kumimina," nilimwambia mkaguzi, Bwana Kitwana, alipokuja kumfuta kwenye orodha. "Anauumua kwa kijiko cha tembo la mnazi, na lazima aonje rojo bichi ajue kama sukari imekolea."

"Kijiko kimoja? Kijana, usinichekeshe."

"Basi onja wewe, halafu ulambe kijiti."

Akaonja rojo la bakulini, akarudia, akajilamba mpaka masharubu. Kijiti chake kikawaka chekundu kama taa ya breki.

Majirani waliojazana dirishani walipiga vigelegele. Mkaguzi alifuta jasho, akaniomba nisimtaje popote, akamrudisha bibi kwenye orodha, na kabati likafunguka. Nilibebwa juu juu kama bwana harusi!

Waliponishusha, bibi alinivuta sikio.

"Hoja yako tamu, baba. Na kile kikombe kizima cha tembo ulichomimina bakulini leo nilipokuwa natawadha, nacho ni hoja?"