Mkono wa Mzoefu

Mtaalamu wa kwanza alinuka kikwapa. Wa pili alimshika Pudensiana kichwa huku bado anatafuna paja la kuku, mafuta yakamwingia mpaka kwenye nywele. Kinyaa kilimpanda, siku hiyo akaoga mara mbili.

Kichwa kilikuwa kinamuuma tangu aanguke kwenye bodaboda, mwaka wa pili sasa. Hospitali walipima, hawakuona kitu. Ndipo akasikia habari za tiba ya kushika fuvu: hakuna dawa, hakuna kukandwa, ni viganja tu vinatulia kichwani. "Ila tafuta mzoefu," walimwonya. Huyu wa tatu, wa mtaa wa Ngarenaro, ndiye aliyekuwa wa mwisho. Akishindwa, Pudensiana anaacha kazi ya kufundisha Makumira, aliyoipata majuzi tu, na kurudi kwao Bukoba kulala chumba cha giza.

Dada wa mapokezi, Naisula, alimfungulia chumba. "Keti humo, dada. Mtaalamu hakawii."

Akaingia mzee. Shuka lake lilinuka zizi. Kidevuni alikuwa na michirizi ya ugoro, na ukucha wa kidole gumba ulikuwa mrefu, wa njano, utadhani kwato. Pudensiana alijivuta nyuma kwenye kiti. Mungu wangu, vidole hivi ndivyo vinishike?

Lakini uzoefu ulionekana. Mzee hakuwa na haraka hata chembe.

"Shikamoo, mzee. Nimeteseka sana, nisaidie," alisema, akafumba macho na kuinamisha kichwa, kama wale wawili walivyomzoesha.

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

Kiganja kikatua utosini, chepesi, kikakaa. Mzee akanong'ona maneno ya Kimasai, taratibu. Labda alikuwa anahesabu pumzi. Kisha, ptu! Akamtemea mate kichwani.

Yalikuwa ya uvuguvugu, yananuka tumbaku, yakatiririka hadi nyuma ya sikio. Pudensiana alitaka kupiga yowe, akabana meno. Hapo ndipo alipogundua kwamba kichwa kimenyamaza. Kimya kabisa, kwa mara ya kwanza tangu ile ajali.

Alitoka mbio mpaka mapokezi, anajifuta kwa leso, uso ameukunja na huku anacheka.

"Niandike kwa yule yule, kila Jumanne," alimwambia Naisula. "Mchafu, anatia kinyaa, lakini kichwa anakijua. Mmemtoa wapi?"

Naisula alimkodolea macho.

"Mzee Lesikar? Huyo naye anaumwa kichwa, dada, na kama wewe anamsubiri mtaalamu. Sasa umemwinamia kichwa kama watoto wetu wa Kimasai wanavyoamkia wazee, angekunyimaje baraka ya mate?"