Kengele Haikulia

Tangu maneno ya kuvuta wanunuzi yapigwe marufuku, kila nyumba ilikuwa na kengele ukutani. Mtu akitamka "bora" au "bei poa", ililia. Mazungumzo yakiwa safi, kitaa chake kiliwaka kijani. Ulimi hauna mfupa, Sikudhani alizoea kusema, ndiyo maana aliiamini kengele kuliko hata mumewe.

Basi mama mkwe wake, Bi Mize, alipokuja na zawadi ya majani ya chai kwenye pakiti ya kijani, Sikudhani alimkazia macho.

"Mama, nani kakwambia ununue hii?"

"Hakuna, mwanangu. Nimeiona tu dukani, moyo ukatulia."

Kengele haikulia. Sikudhani aliona haya kwa kumshuku mama wa watu. Akaipokea kwa mikono miwili, akafungua kabati aiweke.

Mle ndani mlikuwa na pakiti tatu kama ile, hazijafunguliwa. Alizinunua mwenyewe. Kando yake sabuni, chumvi, unga wa uji, vyote kwenye karatasi za kijani kilekile.

Alijaribu kukumbuka ni nani aliyemshawishi. Hakumpata hata mmoja.

Akageuka taratibu kuitazama kengele. Kitaa kiliwaka kijani, na moyo wake, ingawa aliukataza, ukatulia.