Turubai la Karani

Karani Lubango alizamisha mkono kwenye gunia la Nyamizi hadi kiwiko, akatoa konzi ya pamba na kuiminya mbele ya wakulima wote waliopanga foleni. Maji yakamchuruzikia kiatuni.

"Umeimwagia maji ili ipande uzito," alisema. "Mwizi mkubwa wewe."

"Imenyeshewa shambani, ikiwa imeshapasuka, inasubiri kuchumwa," Nyamizi alijibu. "Mvua za siku hizi hazina adabu. Ukipanda zinakukimbia, ukivuna zinakuja."

"Mvua gani ya mwezi wa saba? Tangu nizaliwe sijaiona. Ondoa uchafu wako kwenye mzani wangu."

Akalipiga gunia teke. Pamba ya msimu mzima, yenye madoa ya njano kama meno ya mvuta tumbaku, ikamwagika vumbini. Nyamizi hakuinama kuiokota. Aliketi juu yake, akamkazia macho.

Ndipo radi iliponguruma. Karani akatazama juu, kisha akayatazama marundo meupe aliyonunua tangu asubuhi, yamelala uwanjani bila kufunikwa. Akakimbilia turubai.

"Jamani, shikeni upande ule."

Foleni haikusogea. Aliyekuwa mbele kabisa alijifanya anakaza kamba ya gunia lake.

Upepo ukampokonya karani turubai, ukaliburuta mpaka kwa Nyamizi. Aliinuka, akakanyaga pembe yake. Karani akavuta, lisije.

"Mama," alisema, sauti imemlainika, "nakuomba."

"Mvua gani ya mwezi wa saba?" Nyamizi alimwuliza, mguu wake ukiwa palepale, huku matone ya kwanza yakitoboa vumbi kati yao.