Presha ya Hildegardi

Kitambaa cha mashine ya presha kilimbana Hildegardi mkono, na kabla hajafungua kinywa kumjibu nesi, shemeji yake akamjibia.

"Ni ganzi ya vidole tu. Na usingizi hapati tangu kaka afariki."

Hakusema kwamba ameamua kumrithi mjane huyo, wala kwamba nguo zake ameshazihamishia chumbani kwa marehemu.

Mashine ikasoma mia na themanini. Simu ya shemeji ikaita, akatoka kuongea.

Nesi, mama wa makamo, akangoja kidogo, akapima tena. Mia na thelathini. Akaitazama mashine, kisha akautazama mlango.

"Dada, mwili wako una hofu. Unamwogopa nani?"

Nje, viatu vya shemeji vilisikika vikirudi juu ya kokoto. Ganzi ikaanzia kidole cha mwisho cha Hildegardi, ikapanda taratibu hadi kwenye kiwiko.

"Mmemaliza?" shemeji akauliza, kitasa kikizunguka.

"Nesi," Hildegardi akasema, akishangaa kuisikia sauti yake mwenyewe, "usimruhusu aingie."