Sakafu na Mbeleko

Sheria ilitaka kila nyumba iwe na sakafu inayounguza chochote kinachotambaa: siafu wa masika, mchwa wa kiangazi, panya wanaokimbia baridi ya kipupwe. Sakafu haikujua siafu wala mtoto. Basi Mwantumu akambeba mwanawe mgongoni kwa mbeleko misimu yote, mpaka alipojua kusimama.

Siku mtoto alipopiga hatua ya kwanza, Mwantumu alipiga vigelegele. Babu wa mtoto, Mzee Kibwana, akanyanyuka kitini amfuate. Magoti yakalegea, akaanguka kifudifudi.

"Baba, usitambae! Tulia hapo hapo!"

"Nitulie mpaka lini, mwanangu?"

Mwantumu alichuchumaa, akamfunga mgongoni kwa mbeleko ile ile, ingali na joto la mtoto.