Waliolala Hapa

Bi Sikudhani alikuwa akimimina chai katika vikombe vitatu, kama kila asubuhi, karani wa sensa alipopiga hodi.

“Mama, usiku wa kuamkia leo mlilala wangapi hapa?”

“Watatu. Mimi na wanangu, ila wao wako mbali, kazini.”

“Basi watahesabiwa huko. Hapa ni mmoja.”

“Kuku wangu akilala kwa jirani, anakuwa wa jirani? Kila nyumba mnaandika mmoja, kesho mtasema hatutoshi, mfunge na zahanati!”

“Ndiyo utaratibu, mama.”

Bi Sikudhani alimsukumia kikombe kimoja. Kingine alikikumbatia kwa viganja mpaka kikapoa, karani akimngoja na kishikwambi chake.

“Zahanati waifunge tu, mwanangu,” alisema hatimaye. “Mimi sitaki kuandikwa mmoja.”