Vigingi Chini ya Jabali

Kigingi cha kumi na moja kilikataa kung'oka. Ambrosia alikikamata kwa mikono miwili, akakitikisa huku akikitukania ukoo wake wote. Kijiji kizima kilikuwa misani. Yeye alikuwa amesingizia kwamba kichwa kinamgonga.

Vigingi hivyo vyekundu vilipigwa wiki iliyopita na Iolanda, mpimaji kutoka mjini Sao Tome, kulizunguka jabali la ufukweni. Kila mtu alijua kwamba kuna kampuni inayotafuta mawe ya kujengea bandari. Hakuna aliyempa huyo binti hata maji ya kunywa.

Lakini binti hakuishiwa maneno. Aliwaambia kuwa jabali lile ni uji wa mawe ya moto uliogandia kooni mwa volkano. Mlima wenyewe ulikuwa laini, bahari ikautafuna, likabaki koo tupu. Sasa mawimbi yanavunjikia pale, na mchanga unatulia nyuma yake. Kijiji chote kimekaa juu ya mchanga huo.

"Likiondoka hilo, mama, na ninyi mmeondoka," alisema.

Ambrosia hakuhitaji kuambiwa. Nyumba yake na vichanja vyake vya kukaushia samaki vilikuwa hapo hapo mchangani. Alichokiona ni mwizi anayesifia kuku kabla ya kumbeba.

"Na vigingi msiviguse. Ni kwa faida yenu."

"Faida yetu tunaijua wenyewe. Panda gari lako uende, mwanangu, kabla sijakumwagia maji ya samaki."

Iolanda akaenda, karatasi zake kwapani.

Kigingi kikang'oka. Ambrosia akavipakia vyote kwenye beseni la samaki, akapanda nalo hadi shambani kwa jirani yake Gaudensio. Mwaka wa sita huo hawasalimiani. Nguruwe wa Gaudensio walikuwa wamemlia samaki wake mara mbili, na mwenyewe akamjibu ajenge uzio. Basi Ambrosia akavigongomea vigingi kuzunguka shamba lile la mawe, migomba na banda la nguruwe vikiwa katikati, akipima nafasi kwa hatua ili zilingane. Kama kampuni ina njaa ya mawe, ikale ya huyo. Alirudi nyumbani akapika kalulu, mchuzi mzito wa samaki na mboga, akala kwa raha ambayo hakuwa ameionja siku nyingi.

Alhamisi mitambo ikaja. Ambrosia alisimama mlangoni kuitazama ikipanda kwa jirani. Haikupanda. Msimamizi wake alikwenda peke yake, akavihesabu vigingi, akampa Gaudensio mkono kwa heshima, akateremka ufukweni. Mtambo wa kutoboa ukaegemezwa jabalini.

Ambrosia alifika akihema, akamshika yule msimamizi mkono.

"Baba, mmepotea. Vigingi viko kule juu."

"Tumeviona, mama. Ndani ya vigingi tumekatazwa kugusa hata nguruwe. Sisi tunachimba nje."